Mende na saa aliyotegewa utotoni

Ndugu msomaji, kama umewahi kuamka saa nane za usiku ukaenda jikoni kutafuta maji ya kunywa, ukawasha taa, basi umekwisha kuwaona. Wametapakaa mezani, kwenye sufuria, juu ya ndoo. Kufumba na kufumbua wametoweka wote nyuma ya kabati. Nazungumza juu ya mende, mpangaji asiyelipa kodi.

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji wa kipindi hiki, mama mmoja wa Magomeni. Anasema ana stoo ndogo isiyo na dirisha. Mchana akifunga mlango, humo ndani ni giza totoro, hakuna tofauti na usiku wa manane. Lakini mende hawatoki. Ikikaribia saa moja jioni, huku mlango bado umefungwa na giza ni lile lile, anawasikia wanaanza kutembea juu ya magazeti. "Nani anawapelekea habari kwamba jua limekuchwa?" anauliza.

Wapo watakaocheka swali hilo. Mimi nililipenda, nikakaa nalo siku tatu. Swali la mama huyu lina umri wa karibu miaka 300, na limewakosesha usingizi wataalamu wa mataifa mengi. Jibu lake linatugusa na sisi tunaolea watoto katika nyumba ambazo taa hazizimwi.

Tuanzie Ufaransa, mwaka 1729. Mtaalamu wa nyota aliyeitwa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alikuwa na mmea wa jamii ya kile tunachokiita kifauwongo. Kila mtoto wa kijijini anakijua: ukikigusa kinajikunja kana kwamba kimekufa. Kifauwongo pia hukunja majani yake jioni na kuyakunjua asubuhi. De Mairan aliuweka mmea huo mahali penye giza mchana kutwa. Majani yakaendelea kufunguka wakati wa mchana na kufunga wakati wa usiku, ingawa mmea haukuliona jua. Hapo ndipo fumbo lilipozaliwa. Je, mmea una saa yake ndani, au kuna jambo huko nje unalolihisi nasi hatulioni?

Ndani au nje? Shikilia maneno hayo mawili, ndugu msomaji, maana historia yote ninayokusimulia leo ni mabishano baina yake.

Kwa upande wa wadudu, mlango ulifunguliwa mezani, wakati wa kifungua kinywa. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Uswisi, August Forel, alikuwa akila mkate na jemu nje ya nyumba yake. Nyuki wakazoea kuja kula jemu. Forel akaona kwamba walifika saa zile zile za chakula, hata siku ambazo mezani hapakuwa na jemu wala harufu yake. Mwaka 1929 mwanafunzi wa Kijerumani, Ingeborg Beling, aliyefundishwa na Karl von Frisch, alithibitisha jambo hilo kwa vipimo. Aliwapa nyuki maji ya sukari saa moja maalumu kila siku, nao wakajifunza kurudi saa hiyo hiyo.

Hata hivyo wabishi hawakunyamaza. Profesa Frank Brown wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, alishikilia kwa miaka mingi kwamba viumbe hupokea ishara kutoka nje, ishara hafifu za dunia yenyewe inapozunguka, ambazo kuta za maabara haziwezi kuzizuia. Utamjibuje mtu kama huyo? Mwaka 1955 Mjerumani Max Renner alipata jibu: aliwapandisha nyuki ndege. Aliwazoeza kula kwa saa maalumu ndani ya chumba kilichofungwa mjini Paris, kisha akawavusha bahari ya Atlantiki usiku kucha hadi New York, akawaweka katika chumba kilichofanana na kile cha kwanza. Kama nyuki wangekuwa wanaisikiliza dunia inavyozunguka, wangefuata saa za New York. Hawakufanya hivyo. Saa 24 kamili tangu mlo wao wa mwisho wa Paris, walitoka kutafuta chakula. Walivuka bahari na saa zao tumboni, kama msafiri aliyesahau kurekebisha saa ya mkononi.

Basi saa iko ndani. Na kama iko ndani, ilifikaje huko? Mjerumani mwingine, Erwin Bünning, alionyesha mwaka 1935 kwamba mwendo wa saa hurithiwa. Alichukua maharage ambayo saa zake zilikwenda kwa kasi tofauti, akayachanganya mbegu, na watoto wake wakawa na mwendo wa katikati. Huko Japani, Novemba 1954, Profesa Shuiti Mori wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kufuga nzi wadogo wa matunda gizani. Nakusudia wale wanaozengea ndizi zilizoiva mno. Nzi hao wakazaa, wakazukuu, wakatukuu, yeye akazeeka, wengine wakapokea kazi, na giza likabaki lile lile. Mwaka 2011 zilichapishwa habari za nzi hao baada ya vizazi kama 1,300 bila jua. Bado walikuwa na mwendo wao wa kutembea na kupumzika unaokaribia saa 24. Hebu fikiri: ukihesabu binadamu kwa miaka 25 kila kizazi, vizazi hivyo ni sawa na miaka zaidi ya 30,000.

Hapo wengi walifunga kitabu. Wakasema saa ni ya kurithi, na mazingira hayana lao. Mwaka 1971 ushahidi ulizidi. Huko California, Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer walipata nzi wa matunda wa aina tatu za ajabu. Wa kwanza siku yao ilikuwa na saa 19, wa pili saa 28, na wa tatu hawakuwa na saa kabisa. Hitilafu zote tatu zilikuwa mahali pamoja, katika jeni moja. Mwaka 1984 jeni hiyo ilitengwa na kuanza kusomwa na Jeffrey Hall na Michael Rosbash katika kundi moja, na Michael Young katika kundi jingine. Mwaka 2017 hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Nzi wa ndizi mbivu aliwafikisha Stockholm.

Lakini wahenga wetu walikwisha kusema: samaki mkunje angali mbichi. Je, mdudu naye hakunjwi angali mbichi?

Ili nieleweke, naomba uitazame saa ya ukutani, ile ya zamani yenye timazi inayoning'inia na kuyumba. Saa hiyo ina mambo mawili. La kwanza ni mishale: inaonyesha saa ngapi sasa? La pili ni kasi: timazi ikiwa fupi saa inakimbia, ikiwa ndefu inachelewa. Mishale unaweza kuisogeza kwa kidole. Kasi ni jambo la ndani zaidi.

Kuhusu mishale, jibu lilianza kupatikana mapema. Nzi wa matunda huanza maisha yake akiwa buu, kisha hujifungia ndani ya ganda, halafu hutoka humo akiwa na mabawa. Kutoka kwenye ganda hufanyika zaidi kuelekea alfajiri, hewa ingali na unyevu, kwa sababu bawa jipya likikauka kabla halijakunjuka ni kilema cha maisha. Profesa Colin Pittendrigh, Mwingereza aliyeanza kuvutiwa na saa za wadudu alipokuwa akipambana na mbu wa malaria kisiwani Trinidad wakati wa Vita Kuu ya Pili, alionyesha mwaka 1954 kwamba saa hiyo ya kutoka haitetereki sana hata baridi ikizidi. Mwaka uliofuata mtafiti W. J. Brett alionyesha kwamba mabuu waliolelewa gizani wakimulikwa mara moja tu, kwa muda mfupi, hukumbuka. Siku kadhaa baadaye, wakiwa watu wazima, hutoka kwenye maganda yao kwa kufuata ule mwanga mmoja.

Mwaka 1992 Amita Sehgal, Jeffrey Price na Michael Young walilichimba jambo hili zaidi. Nzi waliolelewa gizani tangu mwanzo walikuwa na saa, lakini kila mmoja alikuwa na yake. Mmoja aliamka huku mwenzake analala, mfano wa wafanyakazi wa ofisi isiyo na mkubwa. Wakimulikwa wakiwa mabuu wachanga wa siku ya kwanza, wote walikwenda pamoja walipokua. Mwanga uliokoma kabla yai halijaanguliwa haukusaidia kitu. Maana yake ni kwamba saa ilikuwa ikitembea ndani ya buu tangu siku hiyo ya kwanza. Mdudu huyo hujigeuza mwili mzima ndani ya ganda, hata usingemtambua, na saa haikusimama.

Hayo ni ya mishale. Je, kasi nayo inaweza kuguswa na malezi? Hapa ndipo mende anapoingia.

Kwanza ilibidi ijulikane saa ya mende iko wapi mwilini. Katika miaka ya 1950 Janet Harker wa Cambridge, Uingereza, alidai iko katika fundo la mishipa ya fahamu chini ya koo. Habari hiyo ilivuma, lakini wengine walipoyarudia majaribio hawakupata alichokipata. Sayansi nayo hukosea, ila ina desturi nzuri ya kurudi nyuma kujikagua. Mwaka 1968 mtafiti wa Kijapani Junko Nishiitsutsuji-Uwo, pamoja na Pittendrigh yule yule, walionyesha kwamba saa iko katika sehemu mbili za ubongo zilizo nyuma ya macho, moja kulia na moja kushoto. Ukizikata, mende anaendelea kutembea, lakini ovyo, mchana na usiku, kama mlevi aliyepotelewa na njia ya nyumbani.

Kisha akaja Terry Page wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Marekani. Alitumia mende mkubwa wa rangi ya kahawia iliyopauka, ambaye wataalamu wanaamini asili yake ni Afrika Magharibi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwalea mende wachanga katika siku za kubuni. Kundi moja lililelewa katika siku ya saa 22: mwanga saa 11, giza saa 11. Kundi jingine lililelewa katika siku ya saa 26: mwanga saa 13, giza saa 13. Mende huyo huchukua miezi kadhaa kukomaa, na muda wote huo hakujua siku nyingine ila hiyo.

Walipokomaa, wote waliwekwa gizani, kila mmoja katika gurudumu dogo la kukimbilia lililoandika nyendo zake usiku na mchana. Huko gizani hapakuwa na wa kuwaambia saa ngapi. Ila waliolelewa katika siku fupi walikuwa na saa inayokwenda haraka, na waliolelewa katika siku ndefu walikuwa na saa inayokwenda polepole. Tofauti hiyo haikufutika kwa majuma mawili wala matatu. Ilidumu miezi. Page na wenzake waliwachukua pia mende waliokwisha kukomaa wakawaweka katika siku hizo hizo za kubuni. Nao walibadilika, lakini kwa muda tu, kisha wakarudi katika mwendo wao wa zamani. Kilichoingia utotoni kilikaa, na kilichoingia ukubwani kilipita.

Jambo lililonikalisha kitako ni jaribio alilochapisha Page mwaka 1982. Aliwatoa mende zile sehemu mbili za ubongo zenye saa, akawapandikizia za mende wengine waliolelewa katika siku ya urefu tofauti. Majuma kadhaa yakapita bila mpangilio wowote, mishipa ikitafutana na kuungana. Halafu saa ikaanza kutembea tena. Ilitembea kwa kasi ya nani? Ya yule aliyetoa, si ya yule aliyepokea. Mende aliyekulia katika siku ndefu sasa aliishi kwa mwendo wa siku fupi ambayo hakuiona maishani mwake. Utoto wa mtu mwingine ulikuwa umeshonwa kichwani mwake.

Sasa turudi kwa maneno yetu mawili, ndani au nje. Kwa karibu miaka 250 watu wenye akili nzuri waligombana kana kwamba ni lazima kuchagua moja. Mende akawajibu kwamba yote mawili ni kweli, ila yana zamu. Urithi humpa kiumbe saa. Siku zake za mwanzo huirekebisha saa hiyo. Baada ya hapo mlango unafungwa, na kilichotoka nje kinakuwa cha ndani. Ukimkuta amekwisha kuwa mtu mzima utadhani alizaliwa nacho.

Kwa hiyo, mama wa Magomeni, hakuna anayewapelekea mende wako habari za jua. Wanazo. Saa waliirithi, na mwanga na giza la nyumba yako ndivyo vilivyowategea tangu wangali wadogo mfano wa punje ya mchele. Sisi Waswahili tunapaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengine, maana saa zetu tunazihesabu kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua. Saa moja ya usiku kwetu ni saa ya kwanza ya usiku, na kwa mende pia ni hivyo hivyo.

Msomaji mwingine ataniuliza, mambo ya wadudu yana faida gani kwa mtu anayepanda daladala kwenda kazini? Faida ya kwanza ni uhai. Saa za mdudu ndizo zinazoamua nani ataugua. Chandarua kinatulinda kwa sababu mbu wa malaria waliozoeleka huuma tukiwa tumelala. Watafiti waliofanya kazi katika bonde la Mto Kilombero walieleza mwaka 2011 kwamba, baada ya vyandarua vyenye dawa kuenea, sehemu ya kuumwa inayotokea nje ya nyumba, kabla watu hawajaingia kulala, iliongezeka. Anayetaka kumshinda mdudu huyo ni lazima aijue ratiba yake kama askari anavyoijua ratiba ya mwizi.

Faida ya pili inatuhusu wenyewe, na hapa natembea kwa tahadhari, kwa sababu mende si mtoto wa mtu. Mwaka 2011, katika chuo kile kile cha Vanderbilt, watafiti wengine walitangaza kwamba hata panya wachanga waliolelewa katika mwanga wa kipupwe walikua na saa za ubongoni zilizotofautiana na za wenzao waliolelewa katika mwanga wa kiangazi. Panya ananyonyesha kama sisi. Hiyo haitoshi kutuhukumu, lakini yatosha kutufanya tutazame taa iliyo juu ya kitanda cha mtoto.

Nina sababu yangu ya kulisema hili. Mwanangu wa kwanza alizaliwa tukiwa tunaishi chumba kimoja, nami nilikuwa nikifanya zamu ya usiku redioni. Nilirudi saa saba usiku, nikawasha taa, nikala, nikafungua redio kuwasikia wenzangu wanavyosoma taarifa niliyoiandika. Asubuhi nilitaka kulala, kwa hiyo mapazia yalishushwa mpaka saa sita mchana. Mtoto akawa analala mchana kama gogo na usiku yu macho. Tukampeleka hospitali, wakasema hana ugonjwa. Mama yangu alipokuja kutoka kijijini alikaa siku mbili tu, akaniita nje.

"Baba," akaniambia, "mtoto huyu mmemnyima usiku. Mchana nao mmemficha."

Aligawa chumba kwa kanga mbili ili taa yangu isimfikie. Kila alfajiri alimbeba mjukuu wake akakaa naye kibarazani mpaka jua lichomoze, na magharibi alimwingiza gizani mapema. Hakuwa amesikia habari za Page, wala za Renner na nyuki wake. Alijua tu kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Siwezi kukuapia kwamba kanga zile ndizo zilizomtuliza mtoto, kwa kuwa watoto hutulia wenyewe pia. Ila hatukumrudisha hospitali.

Tunapogombana juu ya mtu aliyeharibikiwa, mmoja husema ni damu ya kwao na mwingine husema ni malezi, mpaka chai inapoa. Ningependa siku hiyo mtu amkumbuke yule mende wa Nashville. Damu ilimpa saa, na malezi yakaipa mwendo. Waliokuja baadaye wakitaka kuugeuza walifanikiwa kwa siku chache tu. Walioweza kitu ni wale waliomfikia mapema.

Usiku huu nitakapotoka kazini nitaingia nyumbani bila kuwasha taa ya sebuleni, maana sasa nina mjukuu mchanga anayelala humo. Najua mende watakuwa wamekwisha kutoka. Nitawasikia tu gizani, kila mmoja akifuata saa yake.